Akiba ya Upepo

Tairi la tyubulesi, yaani lisilo na tyubu ndani, likichomoka kwenye rimu mahali penye mchanga kati ya Kotulo na Elwak, dereva anaweza kulisukumia pampu ya mguu hadi jua litue asione faida. Upepo anaouingiza kwa vali hutokea ubavuni, kwenye mwanya ulio kati ya mdomo wa tairi na rimu, na mshale wa geji haubanduki kwenye sufuri. Tairi hilo hilo likifikishwa mjini kwa fundi wa pancha, likalazwa mbele ya kompresa ya petroli ambayo rangi yake ilishaliwa na jua, hukaa kabla chai ya mwenye gari haijapoa. Nimeitazama kazi hii mara nyingi, na kila mara imenizidishia heshima. Nataka kuisifu hapa, na papo hapo kumsaidia anayetafuta chombo cha upepo cha kununua, awe ana lori, boda boda au baiskeli. Maana aliyeelewa fundi anafanya nini hababaishwi na maandishi ya kwenye boksi.

Elwak ni mji wa visima. Uko katika Kaunti ya Mandera nchini Kenya, ubavuni mwa mpaka wa Somalia, na wafugaji wa ngamia walikutana hapo kunywesha mifugo muda mrefu kabla serikali yoyote haijachora mstari. Waliofuata walikuja kwa magurudumu. Tarehe 16 Desemba 1940, wanajeshi wa Afrika Kusini na wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, walifika kwa malori na kuwashambulia Waitalia pale Elwak. Mwezi Februari 1941 majeshi ya upande wa Uingereza yakaingia Mogadishu, na Aprili yakawa Addis Ababa. Mwendo wa namna hiyo juu ya mawe na miiba haukuwezekana pasipo watu wa kuvua matairi, kuziba tyubu na kuyarudisha matairi mahali pake. Vitabu vya vita vinawataja makamanda. Jasho la mafundi wa matairi limo ndani ya kila maili ambayo makamanda hao walijivunia.

Leo wanaopita kwa fundi ni wengi kuliko malori ya vita. Kuna mikokoteni ya punda inayosambaza maji kwa madumu, na karibu yote inatembelea matairi yaliyotolewa kwenye magari madogo. Kuna bajaji na boda boda, Probox zilizojaa abiria na mizigo hadi juu ya paa, Land Cruiser za miraa zinazoshindana na saa, malori ya bidhaa kutoka Nairobi kupitia Isiolo na Wajir, na baiskeli za watoto wa shule. Wote hao wana maadui wale wale: mwiba wa mgunga, mwiba wa mathenge, na jiwe la chokaa lenye makali ya kisu. Mchanga nao una hila yake. Dereva mjuzi hupunguza upepo ili tairi litandae na kuelea juu ya mchanga, lakini akisahau akakata kona kwa kasi, ubavu hujikunja na mdomo wa tairi hubanduka kwenye rimu. Tairi halina tundu hata moja, na gari limekwama.

Tairi la upepo halikuanza hivi. Mskoti Robert William Thomson alipata hataza yake London mwaka 1845, wazo likakosa soko. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alilifufua kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na safari hii dunia ikawa tayari. Kwa miongo mingi upepo ulikaa ndani ya tyubu. Ndipo kampuni ya Marekani ya B.F. Goodrich ikatoa tairi linalojifungia lenyewe kwenye rimu, na mhandisi wake Frank Herzegh akapata hataza mwaka 1952. Baiskeli zilingoja zaidi: mwaka 1999 kampuni za Ufaransa Mavic, Michelin na Hutchinson zilileta mfumo wa UST kwa baiskeli za milimani. Manufaa ni makubwa. Mwiba ukichoma tyubu, upepo huisha mara moja; ukichoma tyubulesi, mpira huubana mwiba ule ule, na gari huweza kufika mjini upepo ukivuja kidogo kidogo. Lakini manufaa hayo yana bei, nayo hulipwa siku ya kulifunga tairi. Tyubu hukubali upepo wa kidogo kidogo kwa kuwa yenyewe ni mfuko uliofungwa. Tyubulesi si mfuko mpaka midomo yake miwili ikae barabara kwenye rimu, na midomo hiyo haikai mpaka upepo uisukume. Upepo unahitaji mfuko, na mfuko unahitaji upepo.

Fundi huuvunja mduara huo kwa kuuzidi mwanya mbio. Mwanya ukivujisha lita moja kwa sekunde, chombo kinachotoa nusu lita kwa sekunde hakitashinda hata kikiachwa kinguruma mchana kutwa. Kinachotoa lita kumi kwa sekunde, hata kwa sekunde mbili tu, kinaweza kushinda: upepo hujaa ndani kabla haujapata njia ya kutoka, huisukuma midomo ya tairi nje pande zote mbili, mwanya huzibwa na upepo wenyewe, na kuanzia hapo pampu ya mtoto inaweza kuimalizia kazi.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Huenda dukani wakauliza chombo kinafika psi ngapi. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri ya gari huandikwa psi 150 kwa herufi kubwa, na kweli inaweza kufika huko ikipewa chombo kilichozibwa. Lakini upepo inaoutoa ni lita 30 au 40 kwa dakika, yaani kama nusu lita kwa sekunde. Kwa kuongezea upepo tairi lililokaa, ni chombo kizuri, na kila gari linalopita njia ya Wajir lingefaa kubeba kimoja. Kwa kulikalisha tairi lililobanduka, haina la kufanya. Swali la kuuliza ni hili: chombo kinaweza kuachilia upepo kiasi gani kwa mara moja?

Jibu limo ndani ya tangi. Watu wa Elwak hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa, pamoja na visima, wanaishi kwa berkedi, shimo la kuhifadhia maji ya mvua. Mvua hunyesha siku chache, maji yakaelekezwa shimoni, na miezi ya kiangazi watu na mifugo hunywa kilichohifadhiwa. Tangi la kompresa ni berkedi ya upepo. Injini husukuma polepole, haba na haba, na fundi huweza kuutoa upepo wote kwa pumzi moja. Tangi la lita 24 lililojazwa hadi psi 115 hivi limebeba upepo ambao ukiachiwa huru ungejaza karibu lita 190. Nafasi iliyo ndani ya tairi la gari dogo ni lita 30 hivi. Hesabu hiyo ndiyo inayomfanya fundi atulie huku mwenye gari akihangaika: anajua ana akiba mara kadhaa ya anachohitaji, hata mwanya ukila sehemu yake.

Akiba yenyewe haitoshi ikiwa mlango wake ni mwembamba. Mpira mrefu na mwembamba huukaba upepo njiani. Kiungo kidogo huukaba tena. Na ndani ya vali kuna kile kiini cha kuskrubu chenye springi, ambacho huacha njia nyembamba mno. Kwa hiyo fundi hukitoa kiini kwanza, akakitia mfukoni mwa shati kisipotelee mchangani, ndipo akaubana mpira kwenye shina tupu la vali. Hatua hiyo haigharimu hata senti, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama tairi litakaa au litakataa. Anayenunua kompresa aangalie tangi kwanza, mpira pili, halafu ndipo atazame namba za geji.

Baada ya hapo mtu achague kwa kadiri ya kazi yake. Mwenye baiskeli hahitaji injini. Tairi pana la baiskeli ya milimani lina nafasi ya lita tano hivi, na pampu ya kusimama hutoa chini ya nusu lita kwa kila msukumo. Ndiyo sababu zimetengenezwa pampu zenye kitangi ubavuni: unasukuma polepole hadi psi 160 hivi, kisha unafungua kilango, na kitangi cha lita moja na ushei huachilia lita kumi na zaidi kwa mkupuo. Kwa tairi la baiskeli hilo linatosha. Wako wanaojitengenezea kwa chupa za plastiki za soda, na kwa hao nina neno moja: acheni. Chupa haikuundwa kwa kazi hiyo, na ikipasuka karibu na uso haitoi nafasi ya pili.

Mwenye duka la matairi anahitaji tangi kubwa, na swali lake ni nguvu ya kulijaza itoke wapi. Kwa miaka mingi umeme wa Elwak umetoka kwenye kituo cha mji wenyewe, kinachoendeshwa kwa dizeli na jua, mbali na gridi ya taifa. Kompresa ya umeme ina kelele kidogo na haimezi petroli, lakini inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na umeme ukikatika inabaki chuma. Kompresa ya injini ya petroli hulia, hutoa moshi na hutaka oili yake iangaliwe, ila huwekwa popote penye kivuli, na siku gari likikwama nje ya mji hupandishwa kwenye pikapu ikalifuata. Ningekuwa ninaanza kazi Elwak ningechagua ya petroli, nikaweka pesa iliyobaki kwenye tangi pana na mpira mzuri.

Kiko chombo cha tatu, nacho hupita barabarani kila siku. Lori lenye breki za upepo lina kompresa yake kwenye injini na matangi yake chini ya bodi, yakiwa na psi 120 hivi. Dereva wa lori aliyekomaa hubeba mpira wenye kiungo cha kuchomekea kwenye mfumo huo. Injini ikinguruma, lori zima hugeuka karakana. Nimeona Probox iliyokwama ikipewa upepo na dereva wa lori asiyemjua mwenye gari, na malipo yakawa dua. Kwenye njia hii hilo si jambo dogo. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na Elwak, wanamgambo wa al-Shabaab walilisimamisha basi la kwenda Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Wanaoijua barabara hii wanajua kwamba gari lililosimama peke yake porini ni gari lililo hatarini, na kwamba anayelirudisha jingine kwenye mwendo anatimiza sehemu yake ya wajibu ule ule wa kutomwacha mwenzako.

Chombo kizuri kinapunguza taabu, lakini ukimtazama fundi kwa makini utaona kwamba kazi kubwa huifanya kabla hajagusa mpira wa upepo. Huipiga rimu brashi ya waya mpaka kutu na mpira mkavu wa zamani vimetoka, kwa sababu punje moja ya mchanga huacha mwanya. Hupitisha kidole kuzunguka mdomo wa tairi akitafuta waya uliochomoza. Tairi lililobebwa likiwa limekunjamana au kubanwa chini ya mizigo huliweka juani kwanza. Mpira ukipata joto hulegea na kurudi kwenye umbo lake, na jua Elwak halina uhaba. Kisha huja sabuni. Maji ni ya kununua, kwa hiyo fundi haogeshi tairi. Huchovya kipande cha sabuni ya kufulia katika kikopo cha maji, akapaka mdomo wa tairi na bega la rimu kwa mzunguko mmoja usio na pengo. Sabuni hufanya kazi mbili: huufanya mpira uteleze hadi mahali pake, na huziba vijitundu kwa muda ule mfupi ambao upepo unauhitaji.

Mdomo wa chini hujikalia kwa uzito wa tairi. Wa juu ndio wenye matata. Fundi huliinua tairi kwa mikono miwili, akalivuta juu na kulizungusha kidogo mpaka mwanya ugawanyike sawa pande zote, kwa kuwa mwanya mwembamba uliosambaa hushindwa kwa urahisi kuliko tundu moja kubwa. Likikataa, huzungusha mkanda wa kufungia mizigo katikati ya tairi na kuukaza; uso unabonyea, mbavu zinatanuka, midomo inaifuata rimu. Sasa ndipo anaachilia upepo, na anafanya kazi kwa sikio. Mwanzo ni mvumo mpana. Mvumo unakuwa mwembamba, unageuka mluzi, mluzi unakatika. Panakuja mlio mzito wa mdomo wa kwanza ukiruka mahali pake, halafu wa pili. Wapita njia hushtuka. Fundi hasogei, maana bado hajaamini. Huinama kuutazama ule mstari mwembamba uliochorwa kiwandani kuzunguka ubavu wa tairi karibu na rimu. Mstari ukiwa umbali mmoja pande zote, tairi limekaa. Ukizama mahali, hulitoa upepo, akapaka sabuni hapo, akaanza upya. Kisha hurudisha kiini cha vali na kujaza kipimo cha kutembelea.

Huko kuanza upya ndiyo tabia ninayoisifu kuliko zote. Tairi lililokaa vibaya hubeba gari hadi Wajir bila mtu kujua, likatikisika kidogo tu. Hakuna anayemkagua fundi. Anarudia kwa sababu yeye mwenyewe ameuona mstari.

Tusifiche hatari. Upepo uliobanwa una nguvu ya kuua. Rimu za malori za vipande, zile zenye ringi ya kufungia, zimeua watu duniani kote, na mwaka 1980 Marekani iliweka kanuni kwamba matairi ya aina hiyo yajazwe ndani ya keji ya chuma. Kwenye karakana za barabarani keji ni nadra, basi fundi makini huielekeza ringi chini, hufunga mnyororo, hutumia mpira mrefu, na hasimami mbele ya gurudumu. Tangi la kompresa nalo linataka heshima. Upepo ukibanwa huacha maji, hata katika nchi kavu, na maji hayo hulila chuma kutoka ndani. Koki ya chini ifunguliwe kila jioni. Vali ya usalama isizibwe kamwe, na tangi lililotoboka kwa kutu lisichomelewe, libadilishwe. Kichujio cha hewa kikung'utwe kila siku, vumbi la Elwak lisije likasaga pistoni. Kuhusu ule ujanja wa kunyunyizia petroli ndani ya tairi na kuwasha kiberiti ili mlipuko ulikalishe: madereva wa Iceland wamejulikana kwa ujanja wa aina hiyo katikati ya theluji. Kando ya madumu ya petroli na vibanda vya makuti na turubai, ni kucheza na maisha ya jirani.

Joto pia lina hesabu yake. Tairi lililojazwa psi 32 alfajiri, mpira ukiwa na nyuzi 25, husoma karibu psi 37 likifika nyuzi 60 kwa mwendo na jua la mchana. Dereva mgeni huogopa akatoa upepo. Usiku ukiingia, tairi limepungukiwa, na kesho kutwa mdomo unabanduka kwenye kona. Fundi wa Elwak humwambia mteja apime asubuhi kabla ya kuondoka, basi. Kwa wenye baiskeli, joto hilo hilo hukausha ile dawa ya maji ya mpira inayotiwa ndani ya tairi kuziba vijitundu. Iangaliwe mara kwa mara kuliko ilivyoandikwa kwenye chupa, kwa kuwa aliyeandika hakuwa akifikiria nchi ya jua hili.

Nasema juu ya baiskeli kwa sababu siku zake zinakuja. Tangu Juni 2021 mashindano ya Migration Gravel Race yamewapitisha waendeshaji kwenye njia za vumbi za Maasai Mara, na Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani aliyefariki Agosti 2022 akishindana Vermont, Marekani, aliamini kwamba vijana wa Afrika Mashariki wana nafasi katika mchezo huo. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza barani Afrika. Vijana watakaofuata watahitaji mtu wa kuwakalishia matairi, na ujuzi huo upo tayari, kwa wanaume wanaofanya kazi kwenye matairi ya mikokoteni ya punda. Kinachobadilika ni ukubwa wa tangi.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Vyuo vya ufundi vya kaunti za kaskazini viwaite mafundi hawa wafundishe, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo tayari hutoa majaribio ya ufundi kwa waliojifunzia kazini, iwafikie walipo, ili kijana wa Elwak awe na cheti cha kile ambacho mikono yake inakijua. Na sisi wateja tuache kulalamika kwamba tunatozwa pesa kwa upepo. Upepo haukuuzwa. Tulilipia rimu iliyosuguliwa, sabuni iliyopakwa bila pengo, tangi lililojazwa kabla hatujafika, na jicho lililokataa kuturuhusu kuondoka mpaka mstari uwe sawa pande zote.